Umetapeliwa na programu ya simu? Namna ya kujikinga, na namna ya kudai pesa zako

Niliwahi kupakua programu ya kugeuza picha za karatasi kuwa faili la PDF. "Siku 3 bure" iliandikwa kwa herufi kubwa. Kitakachofuata baada ya siku hizo kiliandikwa kwa kijivu juu ya kijivu. Nikapiga picha karatasi moja, nikaifuta programu, nikasahau. Mwezi wa nne ndipo nilipoona kwenye taarifa ya kadi kwamba nakatwa kila wiki. Nikamwandikia mtengenezaji, barua pepe ikarudi: anwani haipo. Nikapata anwani nyingine, nikaandika tena, nikangoja wiki 2 kama mtu anayesubiri meli uwanja wa ndege. Siku nilipoachana naye nikaenda kwa duka la programu lililokuwa likinikata kwa niaba yake, nilijaza fomu ya dakika 5 na sehemu ya pesa ikarudi. Za miezi ya mwanzo zilikuwa zimepitwa na muda.

Kosa langu lilikuwa kumkimbiza mwizi. Tapeli wa programu ana jina la bandia na anwani ya kukodi, lakini pesa zako zilipita mikononi mwa mtu mwingine kabla hazijamfikia: duka la programu, benki, kampuni ya kadi au huduma ya pesa kwa simu. Huyo wa katikati ana ofisi, ana leseni, ana dawati la malalamiko. Ndiye wa kufuatwa, na ndiye wa kumfikiria hata kabla hujalipa.

Kabla hujabonyeza "Sakinisha"

Duka rasmi linapunguza hatari, haliimalizi. Mwezi Novemba 2017, programu bandia iliyojiita Update WhatsApp Messenger ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 1 kutoka Google Play. Jina la mtengenezaji lilisomeka "WhatsApp Inc." kama la kweli kabisa, tofauti pekee ilikuwa nafasi tupu mwishoni mwa jina, ambayo jicho haliioni. Februari 2024 ikawa zamu ya duka la Apple: programu iliyoitwa LassPass ilipenya ikiigiza LastPass, ile inayotunza manenosiri. Herufi moja tu.

Kwa hiyo programu ya benki, ya pesa au ya uwekezaji usiitafute kwa jina dukani. Fungua tovuti rasmi ya taasisi yenyewe, kisha ubonyeze kiungo chao cha kupakua. Ukifika dukani, gusa jina la mtengenezaji uone ametengeneza nini kingine. Benki haitengenezi programu ya benki pamoja na tochi na mchezo wa karata. Halafu soma maoni, ila panga yaanze mapya, na anza na ya nyota 1. Wanaolia kwamba "wamenikata baada ya kuifuta" wako huko chini. Nyota 5 zilizomiminika wiki moja kwa sentensi zinazofanana ni za kununuliwa.

Faili la APK (faili la kusakinisha programu ya Android bila kupitia duka) ulilotumiwa kwenye ujumbe, hata na mtu unayemjua, liache. Huenda simu yake imeshatekwa na si yeye anayetuma.

Ruhusa zinazostahili kukutisha

Programu nyingi huomba ruhusa, na wengi wetu hubonyeza "Ruhusu" kama tunavyofukuza nzi. Kamera na mahali ulipo ni mambo ya kufikiria, lakini wizi wa pesa hupitia hasa milango mingine.

Mkubwa kuliko yote ni huduma za ufikivu. Ziliwekwa kumsaidia mtu asiyeona vizuri au asiyeweza kugusa skrini, hivyo programu iliyopewa ruhusa hiyo inaweza kusoma kilichopo kwenye skrini na kubonyeza vitufe badala yako. Mikononi mwa tapeli, maana yake ni kwamba anaweza kufungua programu ya benki usiku, kuandika kiasi na kuthibitisha, wewe umelala. Kuanzia Android 13, iliyotoka mwaka 2022, simu huizuia ruhusa hii kwa programu nyingi zilizosakinishwa kwa faili nje ya duka, mpaka uingie mwenyewe kwenye mipangilio kuifungua. Matapeli wanalijua hilo, na hutuma video fupi au hupiga simu kukuelekeza hatua kwa hatua: gusa hapa, sasa gusa nukta tatu, sasa ruhusu. Ukiona programu inakufundisha kulegeza kufuli la simu yako, imeshajitambulisha.

Milango mingine ni kusoma ujumbe mfupi na arifa (ndiko msimbo wa uthibitisho hufikia), kuchora juu ya programu nyingine (ndivyo ukurasa bandia wa kuingia unavyobandikwa juu ya ule wa kweli), na kuwa msimamizi wa kifaa (ndiyo sababu programu hukataa kufutwa). Kila moja ina matumizi halali. Jiulize tu: tochi inataka kusoma ujumbe wangu kwa kazi gani?

Programu za mikopo nazitaja peke yake kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye pesa. Mwezi Desemba 2023 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza kuhusu programu 18 za mikopo zilizokuwa Google Play, zenye jumla ya upakuaji zaidi ya milioni 12, zilizokuwa zikikusanya taarifa za wakopaji na kuzitumia kuwatisha. Orodha ya majina kwenye simu hugeuka silaha: mkopo ukichelewa kwa siku moja, wakwe na bosi wanapigiwa. Tangu tarehe 31 Mei 2023 sera ya Google Play inakataza programu za mikopo binafsi kusoma majina na picha za mtumiaji. Inayoomba bado imevunja sera, na hilo peke yake ni lalamiko tosha la kulipeleka dukani.

Lipa kwa njia inayoweza kurudi

Malipo yanayopita ndani ya duka la programu, au kwa kadi, yana njia ya kurudi iliyoandikwa kwenye sheria zao. Pesa uliyoituma mwenyewe kwa namba ya mtu ina njia nyembamba. Kadi za zawadi na sarafu za kidijitali karibu hazina. Ndiyo maana tapeli huanza kwa kukutoa dukani: "mtandao wa malipo una hitilafu leo, tuma kwenye namba hii upate punguzo." Punguzo hilo ndilo bei ya haki yako ya kudai.

Kwa usajili wa majaribio, weka kengele ya simu siku 2 kabla ya mwisho. Kwenye iPhone unatakiwa kusitisha angalau saa 24 kabla ya siku ya kukatwa. Na hapa ndipo nilipoangukia mimi: kufuta programu hakusitishi usajili. Android, ingia Google Play, gusa picha yako, kisha "Malipo na usajili". iPhone, fungua mipangilio, gusa jina lako, kisha usajili. Nenda sasa hivi ukaangalie, nitakusubiri. Kuna uwezekano mkubwa ukakuta kitu ulichokisahau.

Nusu saa ya kwanza baada ya kugundua

Mpangilio una maana hapa, usiuruke.

1. Zima intaneti ya simu hiyo, data na Wi-Fi zote. Ikiwa kuna mtu anaiendesha kwa mbali, umemkata mkono. Usianze kuzunguka ndani ya simu ukitafuta programu mbaya. Anaweza kuwa anaona unachofanya.

2. Kwa simu nyingine, piga benki au huduma ya pesa. Namba itoe nyuma ya kadi au kwenye tovuti rasmi, si kwenye ujumbe uliotumiwa wala tangazo la juu kwenye utafutaji. Omba mambo matatu kwa maneno haya: funga akaunti na kadi, zuia muamala ambao haujakamilika, nipe namba ya malalamiko. Namba hiyo iandike na saa uliyopewa. Kama pesa zilikwenda kwenye akaunti au namba nyingine, waombe wawasiliane na upande uliopokea wazishikilie. Zikishatolewa taslimu au kuhamishwa mara ya pili, kazi inakuwa ngumu mara kumi.

3. Badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, kwa kifaa kingine. Watu hukimbilia la benki, lakini barua pepe ndiyo ufunguo wa kufungulia mengine yote. Baada ya hapo benki, kisha mitandao ya kijamii.

4. Simu ikipoteza mtandao ghafla bila sababu, usidhani ni mnara. Huenda laini yako imehamishiwa kadi nyingine. Piga kampuni ya simu waifunge.

5. Kusanya ushahidi kabla ya kufuta chochote.

Hii ya tano ndiyo inayowaponza wengi. Kwa hasira mtu anafuta programu, anafuta mazungumzo, anarudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, kisha anaulizwa "programu iliitwaje?" na hana jibu. Piga picha ya skrini ya ukurasa wa programu dukani, ukionyesha jina la mtengenezaji. Nakili kiungo cha ukurasa huo, maana kwenye Google Play kiungo hubeba jina la kipekee la programu baada ya neno "id=", na hilo halibadiliki hata wakibadilisha nembo. Tunza risiti: za Google Play zina namba ya oda inayoanza na "GPA". Tunza ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, mazungumzo yote kuanzia salamu ya kwanza, na namba zilizokupigia. Ikiwa simu yenyewe huiamini, ipige picha kwa kamera ya simu nyingine.

Ukimaliza, ndipo ufute. Programu ikigoma, iondolee kwanza usimamizi wa kifaa, au washa simu katika hali salama, ambamo programu ulizosakinisha mwenyewe hazifanyi kazi. Kama ilikuwa na ruhusa ya ufikivu, mimi nisingeridhika na kufuta tu. Ningehifadhi picha na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani.

Pesa zako zimo kundi gani?

Kabla hujaandika malalamiko, jua hasara yako ni ya aina gani. Swali ni moja: nani aliidhinisha malipo?

Ikiwa ulinunua au kujisajili ndani ya duka, anza na duka. Google Play hupokea ombi la kurejeshewa moja kwa moja ndani ya saa 48 tangu ununuzi. Baada ya hapo mara nyingi watakuelekeza kwa mtengenezaji, ingawa nakushauri ujaze fomu yao hata hivyo na ueleze udanganyifu wenyewe. Malipo ambayo si wewe wala mtu wa familia aliyeyafanya ni jambo jingine: unaweza kuyaripoti Google Play ndani ya siku 120. Kwa Apple, ingia reportaproblem.apple.com, chagua muamala na sababu. Kwa kawaida hujibu ndani ya saa 24 hadi 48.

Ikiwa uliandika namba ya kadi ndani ya programu au tovuti yake, mwambie aliyekupa kadi kwamba unapinga muamala. Kampuni za kadi zina utaratibu wa kumnyang'anya muuzaji pesa na kumrudishia mnunuzi, na mara nyingi dirisha lake ni siku 120. Sababu lazima ilingane na kilichotokea: sikuidhinisha, huduma sikupata, nilichopata si kilichotangazwa, au nilisitisha na bado nikakatwa. Usichanganye mbili. Ukisema hukuidhinisha wakati ulibonyeza mwenyewe, wataona kwenye kumbukumbu zao, na hapo hata lalamiko lako la kweli litapoteza uzito.

Ikiwa pesa zilihamishwa bila wewe kujua, sheria za nchi nyingi ziko upande wako kuliko unavyodhani. Katika Umoja wa Ulaya, hasara ya mteja kwa muamala asiouidhinisha kwa kawaida haizidi euro 50, isipokuwa amefanya uzembe mkubwa au udanganyifu. Marekani, ukiripoti ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue kadi yako ya benki imeibwa, hasara yako huishia dola 50. Ukichelewa, kikomo kinapanda hadi dola 500 na zaidi. Tafuta sheria ya malipo ya nchi yako na usome kifungu kinachohusu miamala isiyoidhinishwa. Angalia hasa muda wa kuripoti: toa taarifa mara tu unapogundua, maana kila siku ya kukaa kimya inaweza kukugharimu.

Kundi gumu ni la nne: ulituma mwenyewe, kwa mkono wako, kwa sababu ulidanganywa. Benki nyingi zitasema uliidhinisha. Usikubali mazungumzo yaishie hapo. Uingereza imeshabadilisha msimamo: tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki hulazimika kumrejeshea mteja aliyelaghaiwa kutuma pesa ndani ya nchi, hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Hata pale ambapo sheria kama hiyo haipo, swali la upande uliopokea linabaki na nguvu: akaunti hiyo ilifunguliwa kwa kitambulisho cha nani, na ilikuwa imeshalalamikiwa mara ngapi kabla yangu? Waulize hivyo, kwa maandishi.

Andika hivi

Simu ni ya kuzuia, barua ni ya kudai. Barua iwe fupi, yenye tarehe, isiyo na matusi. Mfano:

"Tarehe [siku] saa [saa], kiasi cha [kiasi] kilitoka kwenye akaunti yangu, namba ya kumbukumbu [namba]. Sikuidhinisha muamala huu. Nilitoa taarifa kwa simu siku hiyo hiyo saa [saa] na kupewa namba ya malalamiko [namba]. Naomba: (a) mnirejeshee kiasi chote, (b) mnieleze kwa maandishi muamala ulithibitishwa kwa njia gani na kwa kifaa gani, (c) kama mnakataa, mnipe uamuzi wa mwisho wenye sababu, na jina la chombo ninachoweza kukata rufaa. Nategemea jibu ndani ya siku 14. Nimeambatanisha ushahidi."

Kipengele cha (b) kina kazi yake. Kinamlazimisha mtu kufungua kumbukumbu badala ya kukutumia jibu la kunakili. Huenda ikaonekana muamala ulitoka kwenye kifaa kipya kilichosajiliwa dakika chache kabla, na benki haikushtuka. Hapo uzembe umehamia meza ya pili.

Kwenye barua usidai fidia ya machungu ya moyo pamoja na pesa zako katika sentensi moja. Dai kwanza kilichoibwa, kisha gharama zilizofuata zenye risiti: ada ya kuchelewa kulipa deni kwa sababu akaunti ilikuwa tupu, gharama ya laini mpya. Mengine yaweke kwa ngazi inayofuata.

Wakikataa au wakinyamaza

Uamuzi wa mwisho kwa maandishi ndio tiketi ya ngazi ya juu, kwa hiyo uupiganie hata kama ni wa kukataa. Ukishaupata, peleka faili kwa anayemsimamia aliyepitisha pesa: benki kuu au msuluhishi wa masuala ya fedha kwa benki, mdhibiti wa mawasiliano kwa laini iliyohamishwa, chombo cha kulinda walaji kwa matangazo ya uongo, na ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi ikiwa majina kwenye simu yako yametumika kukuaibisha. Polisi toa taarifa mapema. Huenda wasimkamate mtu, lakini benki na mahakama huulizia namba ya taarifa hiyo. Kwa kiasi kidogo, mahakama za madai madogo katika nchi nyingi hazihitaji wakili.

Lalamiko moja linaonekana dogo, ila wasimamizi huyahesabu. Mwaka 2014 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana Apple ikakubali kurejesha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya programu bila idhini. Mwaka huo huo Google ikakubali angalau dola milioni 19. Desemba 2022 ikafuata Epic Games, dola milioni 245, kwa vitufe vilivyopangwa kumfanya mchezaji wa Fortnite alipe bila kukusudia. Wengi waliorejeshewa hawakuwahi kuingia mahakamani. Kwa hiyo ripoti programu dukani hata kama pesa zako zimesharudi.

Kuna simu moja utakayopigiwa baadaye

Majina ya waliotapeliwa huuzwa. Wiki au miezi baadaye atakupigia mtu mpole, "wakili" au "afisa wa urejeshaji", anajua kiasi ulichopoteza na jina la programu. Pesa zako zimepatikana, atasema. Kinachotakiwa ni ada ndogo ya kufungua faili, au usakinishe programu yao ili wakuhamishie. Wengine huweka tangazo kabisa kwamba wanadukua na kuzirudisha.

Muulize namba ya malalamiko yako. Ile uliyoiandika siku ya kwanza na saa yake. Akikwepa, kata. Akiitaja, kata vilevile, kisha piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi uulize faili limefikia wapi.